Mgeni Mpe Jembe

Wahenga walinena kwamba mgeni ni wa siku mbili, na siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haimvunjii mgeni heshima. Katika siku mbili za kwanza hukalishwa pahali pazuri, huandaliwa chakula, na watoto humtazama kwa mbali. Lakini akipewa jembe amepewa jambo kubwa kuliko kiti, maana tangu saa hiyo amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Nimeifikiri methali hii mara nyingi katika kazi yangu ya kufundisha fasihi katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya. Katika shule zetu yumo mgeni aliyekaa kitini miaka mingi pasipo kupewa jembe, naye ni mchezo wa kuigiza wa kale uliotoka nchi za mbali. Vijana huukariri, huufanyia mtihani, kisha huuacha kitini ulipokuwa.

Mgeni huyu si mgeni wa jana. Mwaka 1867, huko Unguja, Edward Steere alipiga chapa kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake alisimulia kwa Kiswahili michezo michache ya Shakespeare kwa kufuata masimulizi ambayo Charles Lamb na dada yake Mary waliyatoa mwaka 1807. Tazama, basi, kwamba Shakespeare alipoingia katika lugha yetu hakuja akiwa na jukwaa wala mavazi ya kifalme. Alikuja kama hadithi, namna ambavyo nyanya zetu humsimulia mtu habari. Baadaye A. Morrison alifasiri michezo ya Mfaransa Molière. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, akaitengeneza upya mwaka 1969, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi naye alifasiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Na mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walicheza kwa Kiswahili, katika jumba la Globe mjini London, mchezo walioupa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa. Mgeni alikuwa amejifunza lugha ya wenyeji hata akarudi nayo kwao.

Lakini kumfundisha mgeni lugha ni jambo moja, na kumpa jembe ni jambo jingine. Mfasiri hubadili maneno akaacha nchi ilivyo: Venisi hubaki Venisi, na mfalme hubaki mfalme. Hata hivyo, neno moja laweza kuanza kuchimba. Nyerere angaliweza kuandika wafanyabiashara, aliandika mabepari. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hakuna msomaji wa Tanzania aliyelisoma neno hilo bila kukumbuka siasa ya nchi yake. Neno moja lilitosha kuuhamisha mji mzima wa Venisi ukasogea karibu na Dar es Salaam.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Ola Rotimi wa Nigeria aliichukua habari ya Mfalme Edipode, iliyotungwa na Sophocles katika Uyunani ya kale, akaitia miongoni mwa Wayoruba. Mjapani Akira Kurosawa alimchukua Mfalme Lear mwaka 1985 katika filamu yake Ran, naye aliwageuza binti watatu wakawa wana wa kiume watatu, kwa kuwa katika Japani ya mabwana wa vita alimowaweka, urithi wa utawala ulikuwa wa wanaume. Mmarekani Jane Smiley alimpeleka Lear huyo huyo katika jimbo la Iowa, akamfanya mkulima mwenye ekari elfu moja, na habari yote akaisimulia kwa kinywa cha binti mkubwa. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1991. Huko huko Marekani wapo Waamishi, watu wa dini wanaovaa mavazi ya kawaida yasiyo na urembo na kusafiri kwa mikokoteni ya farasi. Nao siku hizi wametungiwa riwaya nyingi, na hadithi za kale zimehamishiwa katika mashamba yao. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mchezo wa kale huhitaji jamii ambayo ndani yake neno la baba lina uzito, ndoa ni shauri la watu wengi, na aibu ya mtu mmoja huwapata jamaa zake wote. Jamii ya namna hiyo haipatikani kila pahali siku hizi, lakini sisi hatuhitaji kusafiri ili kuipata.

Mwaka mmoja niliwaambia wanafunzi wangu wachague mchezo mmoja wa kale, wauandike upya kama hadithi ya siku hizi, katika pahali wanapopajua kwa miguu yao. Kijana mmoja alisimama akasema kwamba angependa kuwaweka Romeo na Juliet miongoni mwa Wakorino. Darasa lilicheka kwa furaha, kwa maana kila mtu alikwisha kuona picha: vilemba vyeupe, ngoma, na kijana wa kanisa jingine anayependa binti asiyeruhusiwa kumpenda.

Sikumkataza, lakini nilimwuliza anajua nini juu ya watu hao zaidi ya kilemba. Alijua kidogo. Nikawaeleza kwamba kanisa lao lilizuka katika nchi ya Wakikuyu katika miaka ya 1920. Kwamba serikali ya kikoloni iliwashuku kwa kuwa walikataa mambo mengi ya kizungu. Na kwamba mwaka 1934 polisi waliwaua watatu kati yao katika msitu wa Ndarugu, mmoja wao akiwa Joseph Ng'ang'a, kiongozi wao. Mtu aliyeandama imani yake hata akaifia hafai kuwa pambo la hadithi ya mtu mwingine. Ukitaka kumtia katika hadithi yako, kwanza kaa naye, mle pamoja, umsikie akisema na watoto wake. Kijana yule alifikiri kidogo, akasema kwamba jirani yao ni Mkorino na kwamba atakwenda kwake. Alikwenda, na akaandika habari nyingine kabisa, isiyokuwa na Romeo ndani yake, na ilikuwa njema. Darasa lililobaki lilimchagua Mfalme Lear.

Kwa ajili ya msomaji asiyeijua habari hii, nitaieleza kwa ufupi. Shakespeare aliitunga mwaka 1605 au 1606 hivi, kwa kufuata kisa cha zamani. Mfalme mzee anataka kupumzika. Anawaita binti zake watatu, awagawie ufalme kwa kadiri ya namna kila mmoja atakavyoutamka upendo wake. Wawili wakubwa wanasema maneno matamu wakapata nchi. Mdogo, Cordelia, anasema kwamba anampenda kwa kadiri ya wajibu wake, si zaidi wala si pungufu. Baba anaghadhibika na kumfukuza bila urithi. Haupiti muda mrefu, wale wawili wanampunguzia watumishi na heshima, hata mzee anajikuta nje usiku katika tufani, kichwa wazi, akili ikimwondoka. Binti mdogo anarudi kumwokoa, wanapatana, lakini vita vinawashinda, naye anauawa. Mzee anaingia akimbeba mikononi, na hapo naye anakata roho.

Ni nani wa Nyeri asiyewahi kuisikia habari hii? Hakusikia habari ya mfalme. Alisikia ya mzee fulani wa ng'ambo ya mto, na shamba lake, na watoto wake wasiosalimiana. Kwa hiyo swali letu la kwanza lilikuwa rahisi: ufalme ni nini katika Tetu, Othaya, Mukurweini au Mathira? Darasa zima lilijibu kwa sauti moja kwamba ni shamba. Lakini jibu hilo lilizaa swali la pili lililokuwa gumu zaidi: tangu lini mzee wa Kikuyu akawa mfalme wa shamba?

Hapo ilitubidi kuiacha fasihi na kusoma historia. Zamani githaka, yaani ardhi ya ukoo, ilikuwa chini ya mbari. Mtu alikuwa na haki ya kulima na kuwaachia wanawe, lakini hakuwa na uwezo wa kusimama asubuhi moja akaigawa au akaiuza kama apendavyo, bila ya ndugu na wazee kuwa na neno. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, mambo yalibadilika upesi. Watu walikusanywa vijijini. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikaunganishwa. Mpango ulioitwa kwa jina la Swynnerton ukatoka mwaka 1954. Na mashamba yakaandikishwa na kupewa hati. Katika hati liliandikwa jina la mtu, na aghalabu mtu huyo alikuwa mwanamume, mkuu wa nyumba. Ndugu, mama, dada na wapangaji waliokuwa na haki zao ndogo ndogo katika ardhi ile hawakuonekana katika karatasi.

Binti mmoja darasani, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mwisho wa kipindi, akasema: "Mwalimu, basi ni hati iliyomtawaza." Sijasoma katika kitabu chochote maelezo ya Lear yanayolingana na hayo kwa ufupi na ukweli. Mzee wa githaka asingeweza kuwa Lear hata akitaka, kwa kuwa ndugu zake wangemshika mkono. Mzee wa hati aweza. Katika nchi yetu kila mwenye hati alivikwa taji dogo, na wengi wao hawakuambiwa kwamba taji lile laweza kumtoa mtu nje usiku.

Swali la tatu lilikuwa la binti. Kurosawa aliwageuza wakawa wana wa kiume. Je, nasi tufanye hivyo? Vijana wa kiume walisema ndiyo, maana kwa desturi binti aliolewa akaenda kupata shamba kwa mumewe, na yule asiyeolewa alipewa tu pahali pa kulima na kukaa. Wasichana walikataa, nao walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1972 ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo yamtaja mtoto bila kuuliza kwamba ni wa kiume au wa kike. Na Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi huo katika mambo ya ardhi. Hoja ya pili ilikuwa ya kale kuliko sheria zote. Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kabila, hawakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Walikuwa na binti kenda, na wa kumi ambaye kwa desturi hahesabiwi kwa sauti. Katika masimulizi, Gikuyu alimwomba Ngai wa Kirinyaga, akapewa vijana chini ya mti wa mukuyu huko Mukurwe wa Nyagathanga, nao wakaoa katika nyumba yake na juu ya ardhi yake. Koo zikaitwa kwa majina ya binti. Wasichana walisema: "Baba mwenye binti watupu na nchi ya kugawa si habari ya Uingereza. Ndiyo habari ya kwanza tuliyosimuliwa sisi." Vijana hawakupata la kujibu, na binti walibaki binti.

Wakati huo nilikuwa nikienda nyumbani kila mwisho wa juma, katika Mathira, kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva. Babu yangu mzaa baba alikuwa bado hai, naye alikuwa na ekari 4 zenye hati ya miaka ile niliyoitaja. Shangazi yangu alikuwa amerudi kwa baba yake miaka mingi kabla, ndoa yake ilipokwisha, akajenga nyumba ya mbao karibu na boma la ng'ombe. Yeye ndiye aliyekamua, aliyepogoa mibuni, aliyepeleka kahawa kiwandani, na aliyempikia Babu. Ami zangu walikaa mjini. Kila walipokuja walipima kwa macho, na neno la kugawa lilikuwa limeanza kusemwa, ingawa hakuna aliyelisema mbele ya Shangazi.

Jioni moja tulikaa nje tukichagua kahawa, nyekundu zikitengwa na mbichi, nami nikawasimulia habari ya Lear jinsi darasa langu lilivyokuwa limeipanga. Sikuwa na nia ya kumsuta mtu. Nilitaka kujua kama hadithi yetu ingesimama mbele ya watu wanaojua mambo ya shamba kuliko mimi na wanafunzi wangu.

Shangazi alinikatiza mapema. "Mzee huyo hakuwa na ndugu? Anagawa mali yote kwa siku moja, na hakuna hata mtu mmoja wa mbari anayesema, Ngoja kwanza?" Nikamwambia kwamba katika mchezo yuko mtumishi wake mmoja mwaminifu aliyejaribu kumzuia, akafukuzwa. Shangazi akasema, "Mtumishi. Basi kwao mtumishi ndiye mbari." Kisha akauliza swali lililotushughulisha juma zima darasani: "Na bodini alikwendaje?"

Nililazimika kuwaeleza wanafunzi jambo hili, nami nitamweleza msomaji wa mbali. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, shamba la kilimo haligawanywi wala haliuzwi katika sehemu kama hizi bila ya ruhusa ya bodi ya ardhi. Kwa desturi mwenye shamba hufika pamoja na mkewe na watoto wake, nao huulizwa kama wamekubali. Kwa hiyo onyesho la kwanza la Shakespeare, ambalo ndani yake mfalme huwauliza binti zake wampenda kiasi gani, halikuwa na pahali bora pa kutokea kuliko ukumbi wa bodi: meza ndefu, mwenyekiti, karani, na jamaa za watu wengine wakingoja zamu yao penye mabenchi. Hapo ndipo wanafunzi walipoliweka. Binti mkubwa anasema amekubali. Wa pili anasema amekubali, tena anamshukuru baba. Wa tatu anaulizwa, naye anasema, "Sijakubali, kwa sababu baba hajajiachia pa kuishi." Neno lake si neno la upendo hata kidogo, na watu wote wa ukumbini wanaona kwamba amemwaibisha mzee mbele ya serikali. Nakuambia kweli, ndugu msomaji, kwamba nilikuwa nimesoma jibu la Cordelia mara nyingi na kila mara likaniona baridi. Nilipolisikia katika ukumbi wa bodi nikalifahamu.

Jambo jingine lililopata nguvu katika kuhamishwa ni laana. Katika mchezo, Lear anamlaani binti yake mkubwa kwa maneno mazito mno, akimwombea utasa. Mtazamaji wa London husikia hasira ya mzee aliyeumizwa. Mtu wa Nyeri husikia jambo lililotendeka. Katika Kikuyu liko neno kirumi, yaani laana ya mzazi, hasa ile anayoiacha anapokufa, na watu wengi, hata wa kanisani, hawalichezei. Niliposimulia sehemu ile, Babu, ambaye mpaka hapo alikuwa akichagua kahawa kimya, aliinua kichwa akauliza, "Aliiondoa?" Nikamwambia kwamba hakuiondoa. Babu akarudia kazi yake. Wanafunzi walipoandika sehemu hiyo hawakutia maneno ya laana hata moja. Waliandika tu kwamba mzee alisimama mlangoni mwa binti yake, akasema jambo, na wote waliokuwapo wakaondoka bila kuaga. Wasomaji wa kwetu walijua.

Tufani nayo haikuwa na shida. Nchi yetu haina bahari ya kupiga mawe, lakini ina ukungu wa Julai unaoteremka kutoka Nyandarua, na mvua nyembamba isiyokoma, na baridi inayoingia mifupani usiku katika mashamba ya chai yaliyo karibu na msitu. Mzee wa miaka 80 hahitaji radi. Mwache nje katika ukungu huo bila kofia, tufani imetosha.

Tulipofika mwisho, ndipo darasa lilipogawanyika kweli kweli. Wengine walitaka binti mdogo aishi na shamba lirudishwe, na waovu waaibike. Niliwaambia kwamba hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1681 Mwingereza Nahum Tate aliandika Lear upya, Cordelia akaishi na kuolewa, na mzee akarudishiwa ufalme. Na Waingereza wakaupenda mwisho huo, hata kwa muda wa karibu miaka 150 ndio uliokuwa ukichezwa majukwaani kwao. Basi mtu asituambie kwamba kuigeuza kazi ya Shakespeare ni ushenzi wa wageni. Wenyeji wake waliigeuza kabla yetu. Lakini je, waliigeuza ili waseme kweli, au ili walale usingizi? Hilo ndilo swali, nasi tulilazimika kujiuliza wenyewe.

Jibu lilitoka kwa Babu. Jioni ile ya kahawa, hadithi ilipokwisha na mzee amekufa na binti yake mikononi, wote tulinyamaza. Kisha Babu akauliza, "Mjukuu wangu, alipogawa yote, kaburi lake alijiwekea wapi?"

Msomaji asiye wa kwetu lazima aelewe uzito wa maneno hayo. Katika vijiji vyetu mtu huzikwa katika shamba lake. Asiye na pahali pa kuzikwa amekuwa kama mtu aliyepita tu duniani. Shakespeare hakuuliza swali hilo, kwa kuwa wafalme hawakosi makaburi. Wanafunzi walilichukua wakaufanya ndio mwisho wa hadithi yao. Hakuna upanga wala jeshi. Binti mdogo, aliyekuja kumwuguza baba katika chumba cha kupanga huko Karatina, anaugua homa ya mapafu na kufa. Mzee anakwenda kwa binti mkubwa kuomba pa kumzika, anaambiwa sehemu ile imepandwa chai. Anakwenda kwa wa pili, anaambiwa imekwisha kuuzwa. Binti anazikwa katika makaburi ya umma mjini, na mzee anakaa pale juu ya udongo mbichi mpaka jua linapotua, watu wakimwita asiitike. Niliposoma mwisho huo mbele ya wazazi waliokuja shuleni, mwanamke mmoja alitoka nje, na wazee kadhaa walitazama viatu vyao. Nilikwisha kusoma Lear ya Kiingereza mbele ya watu wengi, na wote walinipigia makofi. Siku ile hakuna aliyepiga makofi kwa muda mrefu.

Sitasema kwamba hadithi iliponya nyumba yetu. Hadithi si dawa ya namna hiyo. Nitasema lililotokea. Majuma machache baada ya mavuno Babu aliwaita watoto wake wote, na wa kike pia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakugawa kitu. Aliwatembeza katika shamba polepole kwa mkongojo wake, akasimama pahali pawili. Chini ya mti wa muringa akasema, "Mimi nitalala hapa." Karibu na boma la ng'ombe akasema, "Na hapa hapagusiki, mimi nikiwapo au nisipokuwapo," akamwelekeza Shangazi mkongojo. Ami mmoja aliondoka bila kunywa chai. Babu amekwisha kulala pale aliposema. Hati ingali na jina lake, kesi ya urithi ingali mahakamani, na Shangazi angali akipogoa mibuni. Itakuwaje mwishoni, sijui. Ila najua kwamba kwa miaka mingi jambo lile lilisemwa kwa macho tu, na siku ile lilisemwa kwa mdomo.

Vijana mnaosoma kitabu hiki, yamkini mwalimu wenu atawapa mchezo wa kale, wa Uyunani au wa Uingereza, nanyi mtauona mzito na wa mbali. Msiuchukie, wala msiusujudie. Uulizeni maswali ya nyumbani: Mali hii imeandikwa kwa jina la nani? Ndugu zake wako wapi? Nani anapika wakati wakubwa wanaposema? Aliyekufa atazikwa wapi? Mchezo dhaifu utanyamaza mbele ya maswali hayo, nanyi mna ruhusa ya kuuacha. Mchezo wenye nguvu utajibu, tena utawajibu kwa sauti ya jirani yenu, na pengine utawauliza swali ambalo nyumbani kwenu hakuna aliyethubutu kuuliza. Basi chukueni kalamu muuandike kama hadithi yenu, mkianzia pahali mnapopajua kwa miguu.